Pima meza kabla hujanunua kiti: namna ya kupanga sehemu yako ya kazi isikuumize

Bega la kulia lilipoanza kuniuma nilifanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikanunua kiti. Kiti cha maana, mgongo wa wavu, pa kulaza kichwa, na chini kimejaa leva utadhani unaendesha ndege. Wiki mbili za kwanza nikajiona bosi kweli kweli, ya tatu bega likarudi palepale na safari hii likaja na shingo. Nikakaa miezi nalaumu kiti, huyu ananiambia ni mto unaolalia, yule ananiambia ni umri huo, mpaka siku moja jamaa anayefanya kazi ya tiba ya viungo akapita mezani kwangu kwa shughuli zake nyingine kabisa, akasimama akaniangalia nikiandika kama dakika nzima hivi, af akauliza: "Mbona umepandisha mabega kama mtu anayesikia baridi?"

Kiti hakukigusa. Alitafuta futi kamba akapima meza, sm 75. Akanipima mimi nimekaa, kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, sm 64. Yaani kila siku nilikuwa nanyanyua mikono yangu sm 11 kwa nguvu ya mabega, tangu asubuhi mpaka natoka kazini, af nashangaa linaniuma bega.

Kwahiyo maelezo haya yanaanzia kwenye meza, siyo kwenye kiti. Ukiwa na futi kamba na nusu saa unaweza kufanya karibu kila kitu leo hii hii na vitu ulivyonavyo tayari.

Viwiko kwanza

Kaa kwenye kiti chako, acha mikono ining'inie pembeni kama mtu aliyechoka, mabega yashuke yenyewe, usiyasukume. Sasa kunja viwiko mpaka mikono ielekee mbele, kama unapokea sinia. Pale kiwiko kilipo ndo urefu ambao kibodi yako inatakiwa iwepo, au chini yake kidogo tu, sentimita moja mbili. Mwambie mtu akupimie, maana ukijipimia mwenyewe utainama kuangalia namba na namba itakudanganya. Af pima meza.

Meza nyingi za ofisi zina urefu wa sm 72 mpaka 75 hivi, na huo ni urefu wa mtu mrefu, kama sm 180 kwenda juu. Mtu wa sm 160 akikaa nyayo zimekanyaga vizuri, viwiko vyake vinaangukia kwenye sm 62 au 65, kwahiyo meza inamzidi karibu sm 10 na yeye hana habari. Hana habari kwa sababu mwili hauko kimya tu, unajitafutia njia: mabega yanapanda, au viwiko vinatanuka kama mabawa ya kuku, au anasogea mbele anaegemea ukingo wa meza kwa mikono miwili ule ukingo unamkata. Kwa saa moja haina shida. Kwa miezi, ndo unakuta ule msuli wa kati ya shingo na bega umekuwa mgumu kama kamba iliyolowa ikakauka.

Meza ikikuzidi una njia tatu. Ya kwanza ni kuishusha meza, kama miguu inarekebishika au ni ya mbao na ni ya kwako, fundi anakata miguu na mambo yanaisha. Ya pili ni ile droo ya kibodi inayofungwa chini ya meza, inafaa, ila cheki kwanza magoti hayagongi. Ya tatu ndo wengi wetu tunaangukia, kwa sababu meza ni ya ofisi na hairuhusiwi kuguswa: unapandisha kiti mpaka viwiko vifike usawa wa meza, na miguu ikibaki inaning'inia unailetea sakafu.

Hapa ndo pana mkanganyiko, maelekezo mengi yanakwambia "panga kiti mpaka nyayo zilale chini", af mstari unaofuata yanakwambia "meza iwe usawa wa viwiko", utafikiri meza yenyewe itajisogeza. Kama meza haisogei basi kiti kinaifuata meza, na kitu cha kukanyagia kinafuata miguu. Kwa mpangilio huo, ukiugeuza umerudi kulekule.

Cha kukanyagia siyo lazima ununue. Rimu moja ya karatasi za A4, ile ya karatasi 500, ina unene wa sm 5 hivi. Ukiwa umepandisha kiti sm 10 unaweka rimu mbili zikiwa bado na karatasi lake la kufungia, ukikanyaga na soksi hazichafuki. Boksi gumu nalo sawa, kipande cha mbao nacho sawa, mradi kipana kiasi miguu yote miwili inakaa na inaweza kuhamahama. Kitu kimoja usifanye ni kukunja miguu na kuikanyagisha kwenye ile nyota ya chini ya kiti yenye magurudumu, najua inavutia, ila magoti yanakunjika kupita kiasi na baada ya muda ganzi inaanza.

Jinsi ya kujua umepatia: pitisha vidole chini ya paja karibu na goti, pale kiti kinapoishia. Vikipita vizuri bila kulazimisha, sawa. Vikikwama, kiti bado kiko juu kuliko miguu, ongeza cha kukanyagia. Vikipita kwa uwazi mkubwa na paja halijagusa kiti kabisa, umezidisha, magoti yako juu na uzito wote umehamia kwenye makalio.

Warefu mnayo shida ya upande wa pili, meza iko chini mnajikunja kama mnaosha vyombo. Nyie mnaiinua meza, vipande vinne vya mbao vya unene sawa, kimoja chini ya kila mguu wa meza, na hakikisha haitikisiki kabla hujaweka kompyuta juu.

Sasa kiti, na hicho hicho ulichonacho

Kaa mpaka makalio yaguse nyuma kabisa. Wengi hawajawahi kukaa hivyo, wanakaa nusu ya mbele na mgongo wa kiti unabaki wa kutundikia koti. Ukishakaa nyuma kabisa angalia nafasi kati ya ukingo wa mbele wa kiti na sehemu ya nyuma ya goti, vidole viwili au vitatu vipite pale. Kama hakuna nafasi kiti ni kirefu kwako, na ndo maana ulikuwa unakaa mbele, mwili ulishakwambia. Weka mto mwembamba mgongoni ukusogeze.

Mgongo una ile bonde ya asili pale kiunoni. Ukikaa, nyonga inazunguka kurudi nyuma na lile bonde linanyooka, hasa ukikaa kwa kuzamia, na ndo hapo mgongo wa chini unaanza kulalamika. Kama kiti chako hakina sehemu ya kusapoti kiuno, kunja taulo dogo mpaka liwe kama mkate mrefu, lizungushie mpira au kamba, liweke pale mkanda wa suruali unapopita au juu yake kidogo. Siyo katikati ya mgongo! Ukiliweka juu sana linakusukuma mbele na unaona kero unalitupa. Likiwa sehemu yake hulisikii kabisa baada ya dakika tano.

Kuhusu kukaa wima kama askari kwenye gwaride, hiyo tuliambiwa tangu shule na walimu walikuwa na nia njema tu. Mwaka 2006 kwenye mkutano wa wataalamu wa picha za ndani ya mwili huko Chicago, watafiti kutoka Scotland walionyesha picha za MRI walizopigwa watu 22 wakiwa wamekaa mikao tofauti, na mkao uliosumbua uti wa mgongo kidogo zaidi ulikuwa wa kuegemea nyuma kwa nyuzi 135, ule wa wima wa nyuzi 90 haukuongoza. Sasa 135 ni karibu kulala, ukijaribu kuandika hivyo utateleza na skrini itakuwa mbali, mimi nilijaribu siku moja nikaishia kusinzia. Ila ujumbe umefika: egemea kidogo, kati ya nyuzi 100 na 115 hivi, uache mgongo wa kiti ubebe uzito maana ndo kazi yake. Kama kiti chako kina ule mgongo unaobembea usiufunge. Chini ya kiti kwa mbele kuna kitasa kikubwa cha duara, hicho ndo kinakaza au kulegeza bembea, kizungushe mpaka ukiegemea kinakufuata bila kukuangusha na ukijivuta mbele kinakuja na wewe. Watu wana viti vya hivi miaka mitano hawajawahi kukishika.

Mikono ya kiti: kama inagonga meza na kukuzuia usisogee karibu, ishushe au ing'oe. Ni bolti tu.

Na pochi toa mfuko wa nyuma, jamani. Kukalia pochi nene upande mmoja ni kukaa umepinda siku nzima, af mtu anaenda kupiga eksirei ya kiuno.

Kibodi na mausi

Tafuta herufi B kwenye kibodi, ielekeze kwenye kitovu chako. Kibodi kubwa zina sehemu ya namba upande wa kulia, kwahiyo mtu akiweka kibodi nzima katikati ya skrini, zile herufi anazoandikia zinakuwa kushoto na yeye anaandika amejipinda kidogo bila kujua. Panga kwa herufi, usipange kwa plastiki.

Vile vimiguu viwili vya nyuma ya kibodi, vikunje. Vinainua upande wa nyuma, na kibodi ikiinuka nyuma viganja vinapinda kwenda juu, kile tunachotaka ni mkono unyooke kutoka kiwiko mpaka kwenye vifundo vya vidole, mstari mmoja. Sababu ni hii: kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambayo unapita mshipa wa fahamu pamoja na kano zinazokunja vidole, vyote tisa na mshipa wa kumi vimebanana pale. Ukipinda kifundo, juu au chini, nafasi inapungua na mshipa unabanwa. Ndo maana hata ile mito ya kuwekea kifundo mbele ya kibodi ni ya kupumzikia ukiwa umeacha kuandika, tena weka kiganja na siyo kifundo chenyewe, ukiandika huku umekandamiza pale unabana ileile njia unayotaka kuiokoa.

Mausi iwe jirani kabisa na kibodi na kwenye usawa uleule. Hapa ndo bega langu la kulia lilikuwa linamaliziwa, maana ile sehemu ya namba inaisukuma mausi mbali, mkono unanyooka nje siku nzima kama unasimamisha gari. Kama huingizi namba nyingi chukua kibodi fupi isiyo na sehemu hiyo. Kama unayo hiyo hiyo ndefu, jaribu mausi mkono wa kushoto, siku tatu za kwanza utachukia, wiki ya pili unasahau. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uongeze spidi ya mshale kidogo ili usilazimike kuisukuma mausi meza nzima, na uisogeze kwa mkono mzima kutokea kiwiko badala ya kukatakata kifundo kushoto kulia.

Skrini, na hili balaa la laptopu

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa juu ya shingo, shingo haihisi. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo inakishika kama unavyoshika ndoo mkono umenyoosha, ndoo ni ileile ila jaribu kuishika hivyo dakika kumi.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, ili macho yashuke yenyewe kuangalia katikati, macho yanapenda kuangalia chini kidogo kuliko juu. Umbali ni urefu wa mkono, ukinyoosha vidole vinakaribia kugusa kioo, kati ya sm 50 na 70 hivi. Huna futi kamba? Karatasi ya A4 ina urefu wa karibu sm 30, panga mbili kwa urefu kutoka kwenye uso wako mpaka kwenye skrini, umepata 60. Af laza skrini nyuma kidogo ikuangalie usoni.

Anayevaa miwani ya sehemu mbili, ile ya kusomea ikiwa chini, sheria ya usawa wa macho inamuumiza, maana atainua kidevu ili aone kwa kioo cha chini na mwisho wa siku shingo inauma nyuma. Wewe shusha skrini chini zaidi mpaka uisome bila kuinua kidevu.

Na kama umepanga kila kitu lakini ukijishtukia unakuta uso uko sm 30 kutoka kwenye skrini, tatizo siyo mkao. Herufi ni ndogo. Mwili unafuata macho siku zote, huwezi kuushinda kwa kujikumbusha "kaa vizuri, kaa vizuri". Bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka usome ukiwa umeegemea, au nenda kwenye mipangilio weka ukubwa wa maandishi asilimia 125. Ikishindikana hata hapo, kapime macho, pengine miwani ilishapitwa na wakati.

Skrini mbili: kama moja ndo unaitumia zaidi, hiyo iwe mbele yako kabisa na ya pili pembeni imegeuzwa kidogo. Kama unazitumia sawasawa, ule mstari zinapokutana uwe mbele ya pua.

Laptopu sasa. Laptopu ilitengenezwa ibebeke, na kwa sababu hiyo skrini na kibodi vimeshonwa pamoja, ukiweka kibodi usawa wa viwiko skrini iko chini unainamisha kichwa, ukiinua skrini usawa wa macho unaandika mikono iko hewani. Hakuna kiti duniani kinachotatua hilo, hata kile changu hakikuweza. Dawa ni kuvitenganisha: laptopu inapanda juu ya vitabu au boksi mpaka ukingo wa skrini ufike usawa wa macho, na unachomeka kibodi na mausi za nje. Ukiniuliza mtu mwenye hela ya kitu kimoja tu anunue nini, namwambia kibodi ya nje na mausi, kiti baadaye. Vitabu angalia visizibe matundu ya hewa ya laptopu, inapumulia chini au pembeni, ikichemka inaanza kuwa nzito.

Huna kabisa? Basi sogeza laptopu mbali kidogo, ilaze skrini nyuma, ongeza herufi, egemea kiti, na inuka mara nyingi kuliko mwenzako. Au kama kuna monita au televisheni ya ziada iko idle mahali, waya mmoja wa HDMI unakupa skrini ya juu na laptopu inabaki kuwa kibodi. Haijakamilika lakini shingo itakushukuru.

Simu pia, usiibane kati ya sikio na bega huku unaandika. Tumia spika au visikilizi vya masikioni.

Mwanga

Zima skrini. Iangalie ikiwa nyeusi, ukiona dirisha au taa inang'aa mle ndani, hiyo ndo inayokufanya ukunje uso na ujipinde kuikwepa siku nzima. Geuza meza dirisha liwe ubavuni. Dirisha likiwa nyuma yako linaingia kwenye skrini, likiwa mbele yako macho yanahangaika kati ya mwanga wa nje na wa skrini. Usipoweza kugeuza meza, pazia.

Mwangaza wa skrini yenyewe upime kwa karatasi nyeupe, ishike pembeni ya skrini iliyofungua ukurasa mweupe. Skrini ikionekana kama taa, punguza, ikionekana kijivu, ongeza. Inabidi urudie asubuhi na jioni maana chumba kinabadilika.

Macho yanayochoma jioni mara nyingi yamekauka tu. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika, mbele ya skrini inashuka sana, pengine chini ya nusu ya hapo, na kama feni au kiyoyozi kinakupulizia usoni juu yake ndo kabisa. Geuza feni kwanza. Af kuna ile kanuni ya 20-20-20, kila dakika 20 angalia kitu kilicho futi 20 kutoka ulipo, ambayo ni mita 6, kwa sekunde 20. Ule msuli unaobadilisha umbo la lenzi ya jicho ili uone karibu unapata nafasi ya kulegea. Mimi sihesabu dakika, ila nimejizoesha kila nikituma imeili naangalia nje dirishani kabla sijafungua nyingine.

Kuinuka

Haya yote niliyosema yanakupa mkao ambao unaweza kuukalia muda mrefu bila kuumia, na hapo pana mtego, kwa sababu ukikaa vizuri unasahau kuinuka. Pingili za mgongo zina zile diski katikati yake ambazo kwa mtu mzima hazina damu inayopita ndani kama nyama, zinalishwa kwa maji kuingia na kutoka pale unapobadilisha mkao. Ukitulia tuli, hata kwa mkao mzuri kuliko wote, hazipati hiyo pampu.

Profesa Alan Hedge wa chuo kikuu cha Cornell alipendekeza mgawanyo wa nusu saa: dakika 20 kukaa, 8 kusimama, 2 kutembea na kujinyoosha. Ukiweza fuata, usipoweza basi hata kuinuka mara moja kila nusu saa inatosha kuanzia. Alamu nilijaribu, nikawa naizima bila hata kuisikia. Kilichofanya kazi ni kuondoa vitu karibu: nina kikombe kidogo cha maji badala ya chupa ya lita moja, printa iko mwisho wa chumba, simu ikiita nasimama. Ukinywa maji ya kutosha, choo nacho kitakuinua chenyewe.

Meza za kusimamia ni nzuri kama zinapanda na kushuka, na kipimo ni kilekile cha viwiko. Ila kusimama siku nzima si afya pia, waulize wanaouza dukani wakwambie miguu inavyovimba, na mishipa ya miguu inavyotokeza. Kazi yake ni kubadilisha tu. Lile mpira kubwa la mazoezi kulifanya kiti sikushauri, dakika ishirini burudani, baada ya hapo mgongo umechoka na huna pa kuegemea.

Na usijidanganye kwamba meza imemaliza habari ya mazoezi, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni nje ya ofisi.

Ukipanga yote na bado

Siku tatu nne za kwanza utajisikia ajabu, misuli ilizoea vibaya. Badilisha kitu kimoja kimoja, ukipindua kila kitu siku moja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Baada ya wiki mbili sikiliza mwili unasemaje na uangalie ni wapi.

Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hasa ikikuamsha usiku ukawa unakung'uta mkono, ni ule mshipa wa kwenye kifundo. Ganzi kwenye kidole kidogo na nusu iliyobaki ya cha pete, angalia kiwiko, pengine unakiegemeza kwenye ukingo wa meza, funika ukingo na kitambaa kinene au acha kuegemea. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni mpaka chini ya goti, mkono unaodondosha vitu, ganzi isiyoondoka ukipumzika, hayo ni ya daktari, usiendelee kuchezea leva. Na kama ni ganzi ya kati ya mapaja au mkojo na choo vimebadilika ghafla, hiyo ni ya kukimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho kwa wanaotumia kiti kimoja na mwenzao, maana utahangaika na futi kamba leo, kesho asubuhi unakuta mtu wa zamu ya usiku kakishusha mpaka chini. Ukishapata urefu wako, zungushia kipande cha selotepu ya rangi kwenye ile nguzo ya katikati ya kiti, pale lile bomba la juu linapoishia. Nguzo inaingia na kutoka, kwahiyo ukiinua kiti mpaka selotepu itokeze palepale, umerudi kwako kwa sekunde tano. Mimi ya kwangu ni nyekundu, mwenzangu wa usiku kaweka ya bluu, iko chini ya yangu kama vidole vitatu.